Chumba Kimoja, Picha Nane

Mimi ni mpishi tu, mambo ya kompyuta siyajui. Lakini shuka nilizitandika mwenyewe, kwa hiyo msiniambie sikuwepo.

Makao yetu ya wazee yana vyumba vinane. Mfumo mpya wa kuomba ithibati mtandaoni ulitaka picha ya kila kimoja, na chenye rangi ya maana kilikuwa kimoja tu. Basi Mkuu wetu, mama asiyejua kudanganya hata kwenye karata, akakipiga picha mara nane, mimi nikibadilisha shuka. Tukapewa alama ya juu kabisa! Wiki nzima Mkuu hakula chakula changu akamaliza. Tukigundulika tutafungiwa, na wazee wetu kumi na tisa waende wapi?

Mara akaja mtathmini. Hakuja kutukagua sisi, alitumwa kupima kama mfumo wenyewe umefanikiwa. Akaketi ofisini akijaza maswali kwenye tableti yake, hakuinua hata uso.

"Hongereni! Vyumba vyenu vinavutia."

Mkuu akatabasamu kama mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Lilipobaki swali moja, mgeni akakohoa. "Samahani, dada, hili si la kazi. Mama yangu hawezi tena kuinuka. Mna nafasi?"

Makubwa haya! Mkuu alinitazama, nami nikatazama dari. Angesema tumejaa, yakaisha. Badala yake akasimama. "Kaka, kabla hujamleta mama, njoo uone vyumba. Zile picha zote ni za chumba kimoja."

Akamwonyesha vyote, hata kile chenye beseni la kukingia mvua. Mgeni uso ukamsawijika. Nikasema leo tumekwisha. Kwenye kitanda cha mwisho akamwinamia bibi mmoja mwenye ulimi wa wembe.

"Bibi, wanakutunza?"

"Miaka miwili sitembei, na sina kidonda hata kimoja. Huyu," akamnyooshea Mkuu kidole, "hunigeuza kila saa mbili kwa mikono yake. Hicho kidude chako kiliwahi kuuliza hilo?"

Mtathmini akapekua tableti juu mpaka chini. Wapi! Akarudi kwenye swali lililobaki, "Je, mfumo umefanikiwa?", akaandika: hapana.

"Na sisi?" Mkuu akauliza.

"Mtapiga picha upya, za kweli. Alama zitashuka, siwafichi. Lakini kufungiwa hamfungiwi, nitawasemea." Akafuta macho kwa kiganja. "Mama namleta Jumatatu."