Kawaida ya Saa Saba

Barua ya kumwondoa Kazungu kazini ilikuwa mezani kwa Kuluthum tangu Jumatatu, ikisubiri saini moja tu, yake. Ilisema kwamba programu mpya ya kuangalia mitambo inatosha, na kwamba mtu wa kuingia chumba cha seva kila nusu saa hahitajiki tena. Kuluthum alikuwa ameiandika mwenyewe, na bado mkono ulikuwa mzito. Kazungu ndiye aliyempokea pale Changamwe miaka kumi na miwili nyuma, alipokuja kujifunza kazi bila kujua waya upi unakwenda wapi. Sasa yeye ni mkuu wa mitambo wa bohari nzima ya makontena, na Kazungu ni yule yule, na daftari lake kwapani.

Zamani hizo kampuni haikuwa na programu yoyote, ilikuwa na kiganja cha Kazungu. Alikiweka juu ya seva kama mama anayempima mtoto homa, akasikiliza feni, akaandika. Ndipo ikaja programu ya kwanza, ambayo kazi yake yote ilikuwa kuiuliza kila mashine, "Upo?" Mashine ikijibu "Nipo," yenyewe imeridhika. Kuluthum hakuiamini hata siku moja, kwa sababu alikuwa na shangazi Kisauni aliyejibu "sijambo" huku anapakiwa kwenye ambulensi. Ya pili ikavuka mpaka upande wa pili. Ilipima kila kitu na kulalamikia kila kitu, meseji mia nne kwa siku, mpaka ofisi nzima ikaizima sauti. Siku diski ilipokufa kweli, programu ilikuwa imeshasema mara sitini na hakuna aliyesoma.

Hii ya tatu ilikuja na majigambo. Haipigi kelele ovyo, walisema walioiuza. Hukaa kimya mwezi mzima ikisoma tabia za mitambo, na ikishaijua kawaida, hufungua mdomo pale tu kawaida inapovunjika. Iliwekwa siku ya kwanza ya Ramadhani, ikasoma mwezi wote mtukufu, na sasa ilikuwa wiki ya pili baada ya Idi.

Mkurugenzi, Bwana Hadi, alikuja kuishuhudia mwenyewe Jumatano, saa saba na nusu mchana. Runinga ya ukutani ilikuwa kijani tupu.

"Tazama ilivyotulia," alisema, akijipepea kwa kofia. "Na hii haitaniomba ruhusa ya mazishi Kaloleni kila mwezi. Haya, tia saini, mwanangu, nikale."

Kuluthum akashika kalamu. Alikuwa amefika herufi ya pili ya jina lake mlango ulipofunguka, akaingia Kazungu bila kubisha.

"Shikamoo, Bwana Hadi. Bi Kuluthum, kiyoyozi kimekufa. Mle ndani panachoma."

Bwana Hadi hakuitikia hata shikamoo. Alinyoosha kidole ukutani. "Kijani, Kazungu."

"Naiona, bwana. Lakini mimi nimetoka huko, yenyewe haijatoka hapo."

Kuluthum alishatupa kalamu. Walipofungua chumba cha seva, joto liliwapiga usoni na feni zilikuwa zinalia. Alizima mashine moja baada ya nyingine, huku Kazungu akiburuta feni kubwa ya kantini mpaka mlangoni. Malori yakasimama getini, madereva wakaanza kutukana kwa lugha zote za nchi hii. Fundi alitumia saa nzima kukifufua kiyoyozi. Hakuna seva iliyoharibika.

Wakarudi ofisini, Bwana Hadi akiwa amelowa jasho na anatafuta mtu wa kumla. "Hii ilikuwa wapi?" akauliza, akiitazama runinga kwa chuki.

Kuluthum akafungua kumbukumbu za programu, akamsomea kwa Kiswahili. "Kiyoyozi kimezimika saa saba na dakika tano. Ni kawaida ya saa hii. Hurudi kuwaka chenyewe."

"Kawaida? Kawaida ya nani?"

Kuluthum alijua, na uso ulimwaka kwa haya. Angeweza kusema programu ni mbovu, yakaisha. Lakini Kazungu alikuwa amesimama pale, shati limemganda mgongoni.

"Yetu, Bwana Hadi. Ramadhani tulikuwa tunalala mle baada ya adhuhuri, kwa ajili ya baridi. Hata mimi."

"Wewe? Mkuu wa mitambo? Unazima kiyoyozi unalala?"

"Kulala nililala. Kuzima sikuzima, wallahi."

"Basi nani? Nitajie jina nimwandikie barua leo hii."

Kuluthum akatazama sakafu. Kazungu, ambaye ndiye pekee aliyekuwa macho saa zile kwa kuwa yeye hakuwa anafunga, alilifungua daftari, akaliweka mezani, kisha akapata cha kutazama darini. Bwana Hadi akasoma kwa sauti, kama afanyavyo kila karatasi anayopewa.

"Jumanne, saa saba na nusu. Joto limepanda. Rimoti nimeikuta kifuani kwa Bwana Hadi, amelala, amejifunika kikoi. Nimeitoa polepole, nimewasha, nimeirudisha."

Ukurasa uliofuata aliusoma kimya. Na uliofuata.

"Kila siku?"

"Isipokuwa Jumapili, bwana. Jumapili hatuji kazini."

Bwana Hadi akakohoa. "Baridi ile hunikaza bega," alisema.

Kuluthum aliigeuza skrini ya kompyuta yake imwelekee, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, ule wa kurudi kuwaka.

"Hakikurudi chenyewe hata siku moja, Bwana Hadi. Ni huyu."

Kisha akaichukua barua yenye herufi mbili za jina lake, akaichana vipande vinne, na mkurugenzi hakumzuia. Kazungu akatazama saa ya ukutani, akalivuta daftari kutoka chini ya mkono wa bosi.

"Niwie radhi, bwana," alisema. "Nusu saa imefika."