Malkia wa Sentimita Tisa

Jumba zima la maonyesho lilijua kwamba Mama Rula na Malkia wakikutana kwenye korido, mmoja wao lazima ageukie ukuta. Mama Rula alikuwa mbunifu wa jukwaa, na ndiye aliyekuwa mke wa Mkurugenzi. Malkia alikuwa mwimbaji mkuu, na ndiye mke wa sasa wa Mkurugenzi. Mimi nashona mavazi. Chumba changu kiko katikati ya vyumba vyao, plaiwudi huku, plaiwudi kule, kwa hiyo msiniulize nimejuaje.

Mchezo tuliokuwa tunauandaa ulikuwa wa nyimbo mwanzo mwisho. Malkia aliyefukuzwa, sehemu ya huyu huyu mwimbaji wetu, anarudi kudai kiti chake. Katika wimbo wa mwisho lango linafunguka, anasimama juu kabisa, kisha anashuka ngazi huku anaimba. Hapo ndipo watu wangeinuka kwenye viti au wangekumbuka basi la mwisho. Na Mkurugenzi alikwisha kumwambia Mama Rula mbele yetu sote, chai mkononi: "Safari hii mke wangu akilalamika, hata neno moja, wewe utafute jumba lingine."

Mama Rula akapuliza chai yake taratibu. "Mke wako yupi?"

Mpiga kinanda alipaliwa, tukampiga mgongoni.

Sasa, jambo moja mlijue. Mama Rula hachori ramani, hajawahi. Yeye hujenga jukwaa zima kwa kadibodi ndani ya sanduku jeusi, kisha Fundi seremala anakuja kupima humo humo na kwenda kukata mbao. Sentimita moja mezani ni robo mita jukwaani. Ngazi, lango, nguzo, mpaka watu: kila mwigizaji hukatiwa mtu wake wa kadi kwa urefu wake halisi, na vipimo natoa mimi. Mkurugenzi hupanga mchezo kwa kuwasogeza hao watu kwa kidole, kinanda kikilia. Akishaamua pale mezani, limekwisha.

Siku mfano ulipoletwa, tuliuzunguka kama mama aliyetoka kujifungua. Malkia akapenyeza mkono.

"Huyu nani?"

"Wewe," Mama Rula akajibu.

"Mimi? Hiki kijiti?" Alimshika yule mtu wa kadi kwa kucha mbili, kama anayetoa unywele kwenye mchuzi. "Mbona wapiga ngoma wamenipita?"

"Wamekupita kweli, mdogo wangu. Lalamika kwa mama zao."

Waitikiaji wakameza vicheko. Malkia uso ukamvimba.

"Umenikata hivi makusudi!"

"Nimekukata kwa rula. Makusudi ningekukata kwa shoka."

Mchana ule Malkia aliingia chumbani kwangu bila hodi, akachukua mkasi wangu wa kitambaa, ule ambao hata mwanangu haruhusiwi kuugusa, akaanza kukata kadi ngumu. Shingo ndefu. Kilemba juu. Alipomaliza akatoa rangi yake ya kucha, akampaka yule mwanamke wa kadi gauni jekundu, tayari kumsimamisha sandukuni mahali pa kile kijiti.

"Dada," nikamwambia, "kile si mdoli. Kile ni kipimo."

"Wewe shona."

Nikashona. Lakini mdomo sikuushona. Nilimwambia mpiga kinanda peke yake, tena kwa siri. Mpiga kinanda naye akawaambia waitikiaji wawili peke yao. Kufikia jioni hata mlinzi wa getini alikuwa ananiuliza Malkia amerefuka kwa dawa gani. Wasiojua walikuwa Mkurugenzi na Mama Rula tu, maana nani angewaambia? Wengine walimwogopa bosi. Wengine walitaka kuona sinema inaishia wapi.

Kesho yake Mkurugenzi akapiga magoti, kidevu ukingoni mwa meza, jicho moja amelifumba, akampandisha Malkia wa kadi mpaka juu ya ngazi.

"Kichwa kinagonga lango," akasema. "Liinueni."

"Bosi, likipanda zaidi litafika kwenye mabomba ya taa," Fundi akasema.

"Lifike. Pia mlipanue, limembana." Akaangalia tena. "Bado. Basi kateni ngazi, zibaki nusu."

Macho yote kwa Mama Rula. Huyu ni mwanamke anayeweza kukugombeza nusu siku kwa ajili ya msumari mmoja. Alimtazama yule bibi mwekundu. Akaitoa rula kwenye mfuko wa aproni, ikafika nusu. Akairudisha.

"Sawa," akasema. "Kateni."

Malkia akanitupia tabasamu kwa mbali, kama mtu aliyeshinda kesi.

Jukwaa lilisimamishwa siku moja kabla ya onyesho la kwanza. Tukakaa kwenye viti vya mbele. Kinanda kikaanza, mabawa ya lango yakafunguka, na pale katikati, chini ya lile tao lililogusa taa, akatokea mke wa bosi wetu. Mungu anisamehe. Alikuwa kama mtoto aliyetumwa dukani akakuta duka limefungwa. Na ngazi zenyewe, kabla hajavuta pumzi ya ubeti wa kwanza, zilikuwa zimekwisha. Nyuma yangu mpiga ngoma mmoja akakohoa kikohozi cha uongo.

"Ameniua!" Malkia alipiga kelele. "Amenifanya panya! Baba, si nilikwambia? Mkeo wa zamani ni mchawi!"

Mkurugenzi akasimama. "Mama Rula! Nilikuonya au sikukuonya?"

Mama Rula hakubishana. Alikwenda chumbani kwake, akarudi amebeba lile sanduku jeusi, akaliweka ukingoni mwa jukwaa. Akamtoa bibi mwekundu, akamsimamisha mbele ya Mkurugenzi, akaweka rula pembeni yake.

"Soma."

Mkurugenzi akakunja uso. "Tisa."

"Sentimita tisa. Huyo ni mtu wa mita mbili na robo. Baba watoto, umeoa mlingoti?"

Mkurugenzi aliliangalia lile gauni la kadi, jinsi lilivyokuwa linang'aa. Kisha akaziangalia kucha za mkewe. Malkia akaikunja mikono, akaificha kwapani, lakini alikuwa amechelewa.

Ningekuwa mimi, hapo ningeomba radhi kwa niaba ya nyumba yangu. Yeye alimgeukia Mama Rula. "Wewe uliligundua hili lini?"

"Siku ile ile, ukiwa umepiga magoti."

"Ukanyamaza! Ukaacha tumalize mbao zote!"

"Ningesema, ungesema nina wivu. Si ndio wimbo wako?"

"Toka," Mkurugenzi akasema. "Toka kwenye jumba langu. Mfano uache hapo, Fundi aanze kurekebisha."

Mama Rula alikwisha kuliweka sanduku kiunoni, kama mtu anayebeba mtoto. Alimtazama Malkia.

"Mume nilikuachia, mama. Mfano siachi."

Akatoka nao, lango, ngazi, nguzo na sisi sote tuliomo ndani. Alimwacha mmoja tu, yule mwekundu, amesimama peke yake sakafuni. Fundi akabaki ameshika rula, hana cha kupima. Tao la lango lilikuwa limekazwa kwenye yale mabomba ya taa; kulishusha bila mfano ni kuanza upya, na kesho pazia linafunguliwa.

Basi ikaamriwa mimi nishone kilemba kirefu, na Fundi apigilie soli za mbao kwenye viatu. Ndiyo tiba tuliyopata.

Usiku wa onyesho nilichungulia pembeni mwa pazia. Jumba limejaa mpaka watu wamekaa kwenye njia, wanapepeana, wanabanana. Mimi nikiona watu hivyo nasahau hata njaa. Mstari wa katikati nikamwona Mama Rula, amekata tiketi kama mtu yeyote.

Wimbo wa mwisho ukafika, lango likafunguka. Malkia aliimba, sitamsingizia. Koo lake halina mpinzani. Lakini watu walikuwa wananyoosha shingo. Walikuwa wanaangalia nyuma yake, kule kwenye giza la lango, wanasubiri. Mama mmoja wa mstari wa mbele akamwinamia mumewe, kwa sauti ya mtu asiyejua kunong'ona: "Katoto kana sauti, jamani! Malkia mwenyewe anaingia saa ngapi?"

Mama Rula hakucheka, wala hakupiga makofi. Alifumba jicho moja, akainua kidole gumba mbele ya uso wake, akampima.

Makofi yalikuwa ya adabu, na watu wakakumbuka mabasi yao.

Chumbani Malkia alikaa mbele ya kioo, nami nikaanza kumfungua kile kilemba, pini baada ya pini, nikizibana mdomoni.

"Walikuwa wanamtafuta nani?" akaniuliza. "Mama, wewe unajua kila kitu. Walikuwa wanamtafuta nani nyuma yangu?"

Nikamwonyesha mdomo uliojaa pini.