Mtu Anachafua Buluu Yangu

Kuna mtu alikuwa anaichezea picha yake. Bi Brashi hakuwa na ushahidi, lakini alikuwa na hakika, na kwa mwanamke yule hakika peke yake ilitosha kumnyima mtu salamu wiki nzima.

Bi Brashi lilikuwa jina la mtaani. Alipewa kwa sababu hata sokoni alikwenda na brashi imechomekwa kwenye nywele, akasahau kuitoa, akabishana na wauza nyanya nayo ikitikisika kichwani. Hakuchora wafalme wala simba. Alichora kinyozi akikung'uta shuka la wateja, wanawake wakigombea zamu bombani, mwanamume anayesukuma baiskeli yenye pancha na kujitia anatembea kwa hiari yake. Watu wakimuuliza mawazo anayatoa wapi, alijibu, "Dirishani. Nyinyi mkipita hapo nje mnafikiri mnapita bure?"

Picha iliyomtia wasiwasi ilikuwa ya kamba ya nguo. Asubuhi moja alikuwa uani anafua, akainua macho akaliona gauni la buluu la mdogo wake limeanikwa, upepo umelijaza, mkono mmoja umenyooka kama unamwita mtu aliye mbali. Alisimama pale mpaka povu likamkaukia mikononi. Siku hiyohiyo alianza kuchora. Mwenye nyumba ya wageni, bwana mnene mwenye maneno mengi, aliiona ikiwa bado mistari mitupu akasema anaitaka kwa ukuta wa mapokezi, na asipewe mwingine.

Sasa Bi Brashi alikuwa na mtindo wake wa kazi ambao hakuna mchoraji mwingine aliyeufuata. Aliilaza picha. Akishamaliza sehemu, aliigeuza ikatazama ukuta, akaifunika shuka kuukuu, na hakuna ruhusa ya kuifunua, hata kwake mwenyewe, mpaka aone ameisahau. Alidai kwamba ukiikodolea picha kila siku unaacha kuyaona makosa yako. Kwa hiyo picha ya kamba ililazwa. Alipoiamsha, gauni halikuwa lile aliloliacha. Buluu ilikuwa imezama, imeingia uchafu, kama maji yaliyooshewa vyombo.

Mtu wa kwanza kushukiwa alikuwa muuza rangi.

"Umenichanganyia nini kwenye hii buluu?" Bi Brashi aliligonga kopo juu ya meza ya duka.

"Mama, kopo limekuja limefungwa. Mimi nachanganya na nini?"

"Nyie mnajua wenyewe mnachochanganya."

"Hebu tulifungue tuone." Akalifungua, akachovya kijiti, akakiinua mlangoni penye mwanga. "Mbona buluu hii inawaka mpaka inaumiza macho?"

Bi Brashi alitazama kijiti, akamtazama na mwenye kijiti, akaona wazi kwamba anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliondoka bila kuaga. Akarudi nyumbani, akalipaka gauni upya, safari hii akiongeza buluu mpaka roho yake ikaridhika. Akailaza picha tena. Siku zikapita za kutosha, akaifunua.

Uchafu uleule. Akanyoosha kidole, akaligusa gauni pindoni, na kidole kikarudi na rangi.

Hapo moyo ulimlipuka. Rangi ya mafuta hukawia kukauka, lakini haikawii kiasi hicho. Ile aliyoipaka yeye ilipaswa kuwa imeshika zamani. Iliyolowesha kidole chake ilipakwa jana au juzi, na jana na juzi yeye hakugusa brashi. Muuza rangi akasamehewa kimoyomoyo, ingawa hakuwahi kuambiwa.

Basi ni mkono. Na nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu.

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani, na mtaani walimwita Sindano, kwa wembamba na kwa kazi. Alihamia pale baada ya mama yao kufariki, akapewa chumba cha mbele apokelee wateja. Walielewana kama ndugu wanavyoelewana, yaani kwa kugombana kila siku bila kuhama. Lakini kulikuwa na jambo la zamani. Sindano alipokuwa msichana alitaka kujifunza kuchora, na dada yake alimtazama mara moja tu akiwa na brashi, akamwambia, "Una mkono mzito. Nenda kashone magunia." Sindano akaenda kushona, ingawa si magunia. Hakuwahi kulitaja jambo lile tena, na kunyamaza huko, Bi Brashi aliona sasa, ndiko kulikokuwa kunanuka.

Alianza kumchunguza. Wakinywa chai alivuta hewa kwa nguvu.

"Mbona unanuka tapentaini ya brashi zangu?"

"Nilikuwa natoa doa kwenye suti ya mteja."

"Doa la nini?"

"La grisi, dada. Tena la mgongoni. Nikuitie mwenye suti aje umhoji?"

Bi Brashi alikuwa ameshaiona buluu kidogo chini ya ukucha wa kidole gumba cha Sindano. Aliona na mengine. Wateja wa kike walikuwa wanacheka chumba cha mbele, na yeye akiingia wanakumbuka ghafla wana haraka. Tena mdogo wake alikuwa na maswali ya ajabu. Mara ainue nyuzi mbili na kuuliza, "Dada, ipi ni nyeusi hapa?" Na siku moja, bila haya, "Dada, macho hayakusumbui?"

Katika nyumba ile macho hayakuwa mazungumzo. Mama yao aliishi miaka yake ya mwisho gizani, akiongozwa kwenda msalani, na Bi Brashi ndiye aliyemwongoza. Hakuna kitu duniani alichokiogopa kama kile. Kweli taa za siku hizi zilikuwa na ukungu pembeni, lakini kwa hilo aliwalaumu watengenezaji wa balbu. Alipoulizwa habari za macho alielewa mara moja: mdogo wake alitaka aonekane amekwisha. Amchafulie kazi, watu waseme bibi wa watu haoni tena, kisha chumba chenye dirisha kigeuke chumba cha cherehani.

Akakata kauli kumnasa. Alilipaka gauni upya kwa mara ya tatu, akailaza picha, akangoja siku chache. Asubuhi alichukua kikapu, akatangaza kwa sauti kwamba anakwenda sokoni na atakawia, akaubamiza mlango wa mbele. Kisha akazunguka nyumba, akapita jikoni viatu mkononi, akajibanza nyuma ya kabati kubwa la chumba chake cha kazi, katikati ya fremu na vumbi. Alikuwa mtu mzima wa kuheshimika, mwenye magoti mabovu, amejikunyata kama mwizi ndani ya nyumba yake. Alijionea aibu, lakini hasira ilikuwa nyingi kuliko aibu.

Cherehani ya mbele ikanyamaza. Mlango ukafunguliwa. Sindano aliingia na lile gauni la buluu begani, akalitundika kwenye msumari karibu na dirisha, akaigeuza picha, akaifunua. Alikaa muda mrefu anatazama gauni, anatazama picha. Alichanganya rangi kidogo sana kwenye kigae, akaisogeza karibu na kitambaa, akatikisa kichwa, akachanganya tena. Ndipo akaanza kupaka. Bi Brashi alivumilia mpaka nusu ya gauni ikageuka.

"Nimekukamata!"

Brashi ilimtoka Sindano ikaanguka sakafuni. Bi Brashi alitoka nyuma ya kabati ana utando wa buibui kwenye nywele.

"Nyoka wewe! Nimekulaza chini ya dari yangu, unakuja kuniharibia jina! Kijicho cha tangu utotoni!"

Sindano hakukimbia wala hakukana. Aliokota brashi, akaifuta kwa kitambaa.

"Dada, lile gauni ukutani lina rangi gani?"

"Usinipoteze maboya."

"Nijibu tu."

"Buluu. Limepauka, limeingia kijanikijani kwa jua."

"Nililinunua jipya siku chache kabla hujaianza picha, nikalifua mara moja tu." Akasogea. "Sasa pima kama unavyopima siku zote."

Kupima rangi kwa Bi Brashi, tangu alipokuwa mwanafunzi, ni kufumba jicho la kushoto na kutazama kwa la kulia. Akafumba, akatazama. Gauni likawa la rangi ya maji ya vyombo.

"Sasa fumba la kulia."

Alitaka kukataa. Kitu fulani ndani yake kilikuwa kinajua tayari, nacho kilimwomba akatae. Akafumba.

Buluu ilimjia kama siku ile uani. Gauni la msumarini lilikuwa safi, tulivu, halina kijani hata chembe. Kisha akaigeukia picha. Nusu ya gauni, ile ambayo Sindano alikuwa hajaifikia, ilikuwa yake mwenyewe, aliyoiongeza mpaka roho ikaridhika. Ilipiga kelele kama beseni la plastiki. Nusu nyingine ililingana na kitambaa, na upepo ulikuwa umo ndani yake.

"Ile picha ya bombani uliyomuuzia mwalimu," Sindano alisema polepole, "ameigeuza ukutani. Wateja wangu walikuwa wanazicheka rangi zake, dada. Mbele yangu. Nilishindwa kukwambia, maana kila nikigusa habari ya macho unawaka. Nikaona nirekebishe tu, usiaibike."

Bi Brashi alikaa kwenye kigoda, jicho la kulia bado limefumbwa, akaendelea kutazama. Hofu ya macho ilikuwa kubwa. Lakini kilichomchoma zaidi, na alikijua jina lake, kilikuwa wivu. Mkono aliouita mzito ulikuwa umepita juu ya lile gauni kwa wepesi ambao yeye hakuwa nao hata alipokuwa na macho yote. Kumbe siku ile ya zamani alikuwa ameuona. Alimfukuza kwa sababu aliuona.

Sindano aliimalizia nusu iliyobaki. Siku ya kuchukua picha, mwenye nyumba ya wageni alikuja anahema kwa jua. Sindano alikuwa pembeni anapinda suruali ya mtu. Bwana alisimama mbele ya picha, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, maneno yalimwishia. Yaliporudi, yalirudi yote.

"Hii buluu! Mama, hii buluu umeipata wapi? Mtu anaweza kuusikia upepo! Nataka nyingine ya chumba cha kulia, buluu hiihii, usinibadilishie."

Neno moja lilitosha. Bi Brashi akisema asante, jina lake linabaki salama. Alimtupia mdogo wake jicho, akamkuta ameinamia pindo la suruali, tayari amemwachia dada yake sifa, bila kununa, kama mtu aliyeshazoea. Kuinama kule kulimuuma Bi Brashi kuliko kofi.

"Muulize yeye," alisema. "Gauni ni lake, na mkono uliolipaka ni wake."

Bwana alicheka, akidhani ni utani. Alipoona hakuna mwenzake wa kucheka, akamgeukia Sindano.

"Mimi sina nafasi," Sindano alisema bila kuinua kichwa. "Nina nguo za watu."

"Nakuomba, mdogo wangu."

Neno hilo lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake kwenda upande ule. Sindano aliacha kushona.

"Kesho tunakwenda kwa daktari wa macho. Ukitoka huko ndipo tuongee habari za picha."

"Na akisema ni yale ya mama?"

"Mama alikataa kwenda, dada. Mpaka leo hatujui yalikuwa maradhi gani."

Bi Brashi aliangalia mikono yake, kisha akamgeukia mteja, ambaye alikuwa hajui aangalie wapi.

"Umesikia mwenyewe," alimwambia. "Picha yako itasubiri."