Kitabu Alichokiacha Recho

Kasimiri alikibwaga kitabu mezani. Vumbi la mpingo lilikuwa bado limemganda mikononi.

"Ni wewe uliyempa mke wangu hiki?"

Flaviana hakuhitaji kutazama jalada. Ndiye aliyeitunza maktaba hii ya parokia ya Chanika, chumba kimoja chenye rafu mbili: moja ya vitabu vya uchumi vilivyoachwa na padri, nyingine ya riwaya alizokusanya mwenyewe. Aliyeomba kitabu cha rafu moja, alimpendekezea na cha rafu ya pili.

"Ni mimi, kaka Kasimiri. Karibu ukae."

"Sikai. Recho kaondoka tangu juzi. Hiki nimekikuta chini ya godoro. Jalada linasema mwanamke anamkimbia mumewe, basi, ndo mambo mnayofundishana humu. Yuko wapi?"

Recho alikuwa Kiwalani, kwa dada yake. Asubuhi ile alikuwa amempigia Flaviana simu, sauti imemkauka, akamsihi asimwambie mtu. Na sasa Kasimiri alikuwa amesimama kati ya Flaviana na mlango.

"Najua aliko," Flaviana alisema. "Ila sikwambii."

Kasimiri aliinama juu ya meza mpaka pumzi yake ikamfikia, yenye harufu ya sigara.

"Alichukua viwili," Flaviana akasema. "Hiyo riwaya hakuimaliza, ilimchosha. Kaondoka na cha uchumi."

"Cha uchumi?"

"Kina sura inayozungumzia kazi za nyumbani. Kupika, kufua, kukupigia msasa vinyago vyako. Kwamba nayo ni kazi, hata kama hailipwi. Alikuwa anaisoma pale kwenye benchi, akimaliza anairudia."

"Mbona hajawahi kulalamika?"

"Alilalamika. Ukamfanyaje?"

Nje, mtu alipita akiburuta dumu la maji, sauti ikafifia. Kasimiri akakichukua kitabu, akakigeuzageuza kama gogo ambalo hajajua atalichonga nini.

"Huyu wa humu," alisema, hamtazami, "mwisho anarudi?"

"Soma."

Alikaa benchini polepole. Akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, midomo ikaanza kucheza bila sauti.

Flaviana alipita mbele yake, akaufungua mlango wote, akasimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akisikiliza kurasa zikifunuliwa.