Siterne ya Papa Grégoire

Grégoire alijenga siterne yake mwaka wa 1998, miaka minne baada ya kolera kubwa. Wakati wa kolera ile alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, ametoka Butembo kuja Goma kuuza vitambaa, na kwa wiki tatu akabeba maiti badala ya vitambaa. Aliona watu wakiinama kando ya Ziwa Kivu wakinywa, na kesho yake akawaokota barabarani. Mwamba wa volkeno haukukubali jembe, kwa hiyo makaburi hayakuchimbika. Waliwalaza wengi pamoja katika shimo lililofunguliwa kwa katapila. Tangu siku zile hakunywa tena maji ya ziwa.

Alipopata kiwanja mtaa wa Keshero, kabla hata ya kuongeza chumba cha pili, alipasua mwamba akajenga siterne hiyo, tangi la saruji chini ya ua. Mvua yote iliyoangukia mabati yake ilishuka humo. Watoto wake watano walikua wakinywa maji hayo, na hakuna aliyewahi kulazwa kwa tumbo.

Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipofika mjini, umeme ulikatika na mabomba yakakauka. Watu walichukua bidoni, madumu yao ya maji, wakateremka ziwani, hadi ufukwe wa Kituku. Siku ya tatu Grégoire alifungua geti lake akasimama barabarani.

“Bamama, musiende tena kule chini,” alisema. “Risasi haina macho, na lile ziwa ninalijua. Muchote hapa. Maji ni ya Mungu, mimi siuzishi.”

Nusu ya avenyu, yaani watu wa barabara yake, ilichota kwake. Nusu nyingine, waliokaa upande wa chini, waliendelea kwenda Kituku kwa sababu ilikuwa karibu zaidi.

Katikati ya Februari watu wa avenyu hiyo walianza kuharisha maji meupe kama ya mchele. Wa kwanza kuwaona alikuwa Léocadie, relais wa afya, yaani jirani aliyefundishwa kupita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anaumwa na kuwapeleka wagonjwa kituo cha afya. Kwa siku nne alipeleka watu kumi na mmoja. Éphraïm, muuguzi wa kituo, aliandika kwenye ripoti kwamba chanzo ni ziwa.

“Umejuaje?” Léocadie alimuuliza.

“Mama Léocadie, kila mutu anachota ziwani. Tangu zamani kolera ya Goma inatoka ziwani.”

 Léocadie alirudi avenyu akapita tena kila nyumba, yenye mgonjwa na isiyo na mgonjwa, akauliza swali moja tu: maji yenu ya wiki iliyopita mliyachota wapi? Wagonjwa kumi walikuwa wamechota kwa Grégoire. Wa kumi na moja alikuwa mtoto ambaye kwao walikwenda Kituku. Léocadie alikaa na mama wa mtoto mpaka mama akakumbuka kwamba mtoto huyo alishinda akicheza nyumba inayopakana na ya Grégoire, na huko alipewa maji.

Waliochota Kituku walikuwa wazima. Pale ufukweni, vita vilipotulia, vijana wenye glavu, wale wa kutia dawa maji, walirudi kwenye meza yao, na hakuna bidoni iliyopita bila kutiwa klorini, dawa ya kuua vijidudu, kwa seringi.

Léocadie hakutaka kuamini. Grégoire alikuwa kiongozi wa shirika lao, jumuiya ndogo ya Kikatoliki ya mtaa. Ndiye aliyesimamia matanga ya mume wake. Lakini alikwenda kumwambia.

Grégoire alimsikiliza amesimama. Hakumkaribisha kiti.

“Unasema maji yangu inauwa watu.”

“Ninasema wote wenye kuugua walikunywa hayo, papa. Tufunge geti siku mbili, tuangalie.”

“Wewe mwaka wa kolera, quatre-vingt-quatorze, ulikuwa na miaka mingapi?”

“Tisa.”

“Basi haukuona. Mimi niliona. Sasa unataka nirudishe bamama kwenye lile ziwa?”

“Acha nitie klorini, basi.”

“Ukitia dawa kwa geti langu, watasema nina sumu. Hapana.”

Kesho yake asubuhi Léocadie alikuja na chupa ya klorini na seringi, akakaa kwenye jiwe nje ya geti, upande wa barabara, ambako hakuna wa kumfukuza. Kila bidoni iliyotoka aliisimamisha. “Ungoje nusu saa ndiyo unywe,” alimwambia kila mwanamke. Wengine walikubali, wengine walimpita bila kumtazama. Mmoja alimwambia kwamba ana wivu. Grégoire alimwona kupitia mlango wa sebule, akafunga mlango.

Siku ya tatu alifariki Nyirarukundo, mjane wa kutoka Masisi aliyekuwa akifua nguo za watu. Alikuwa amefikishwa kituoni amechelewa, macho yameingia ndani. Saa nne asubuhi Grégoire alitoka nje ya geti. Nguo alizovaa ni zile za jana.

“Huyu mama mimi mwenyewe nilimuzuia njiani,” alisema. “Alikuwa anashuka Kituku, nikamwambia arudi. Alikunywa maji ya kwangu?”

Léocadie angeweza kusema hajui. Seringi ilikuwa bado mkononi mwake.

“Ndiyo, papa.”

Grégoire alifunga geti. Siku hiyo na iliyofuata aliteka maji kwa ndoo, akayamwaga, mpaka sakafu ikaonekana. Kisha alishuka kwa ngazi na tochi, Léocadie akichungulia juu. Ukutani, upande wa choo cha jirani, kulikuwa na ufa mwembamba usiopitisha hata ukucha. Chini yake saruji ilikuwa nyeusi na ilikuwa inatoa jasho. Wote wawili walikumbuka matetemeko ya mwaka wa 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, yaliyopasua nyumba nyingi za mtaa huo. Grégoire alikuwa ameziba kuta za nyumba. Siterne hakuiangalia.

Léocadie alirudi kituoni, akamwomba Éphraïm abadilishe ripoti. Muuguzi alisema ilikwisha kwenda. Léocadie alikaa kwenye benchi mpaka Éphraïm akaandika nyingine.

Jumapili, baada ya sala ya shirika, Grégoire alisimama akasema yote: ufa, choo, na mjane aliyemrudisha njiani. Hakuomba msamaha kwa maneno mengi. Wengine walimshika mkono. Wengine waliondoka, na wawili hawakumsalimia tena. Baada ya wagonjwa kumi na wanne, avenyu haikutoa mwingine.

Wiki iliyofuata Patricia, binti wa Nyirarukundo, alikuja nyumbani kwa Grégoire. Alikuta mzee amekaa kwenye ngazi za nyumba. Mzee alisimama, akabaki amesimama, akingoja kutukanwa.

“Papa, nimekuja kuchukua bidoni ya mama,” Patricia alisema. “Ilibaki hapa.”

Mzee alimletea. Patricia aliipokea, akaitikisa kuona kama ni tupu.

“Alikuwa anapenda haya maji,” alisema. “Alisema inaivisha maharage mbio.”

Akaweka bidoni begani, akashuka barabara ya kwenda Kituku.