Vidole Viwili vya Alvar

"Kata tu hayo madigadi, binti Alvar," Sixten alisema, akiviringisha tairi jipya pana la nyuma kutoka kwenye buti ya gari lake hadi sakafuni mwa gereji. "Ukiacha kidole kimoja kati ya mpira na bati, kinatosha. Kesho naongoza msafara, siendi mashindanoni."

"Kimoja?" Solveig aliuliza.

"Baba yako aliacha nusu, au umesahau?" Akacheka peke yake, akaondoka.

Solveig Hedlund hakuwa amesahau. Aliyetenda husahau, aliyetendwa hasahau. Miaka thelathini na minane iliyopita, jioni ya msafara wa magari ya Kimarekani, tairi la nyuma la gari hili hili la buluu lilipasuka kwenye kona ya kanisa, na gari likaingia mtaroni. Berit, msichana aliyekaa kiti cha nyuma, alivunjika nyonga. Sixten, aliyekuwa akiendesha, alitoka bila mkwaruzo na maneno tayari mdomoni: Alvar ndiye aliyepima tairi zile pana, Alvar ndiye aliyeacha nafasi finyu. Akayarudia hospitalini, akayarudia kwenye klabu ya magari hayo mpaka wakamchagua mwenyekiti, akayarudia kwa Berit mpaka akamwoa.

Alvar alisema mara moja tu: "Mimi nilipima." Hakuna aliyemletea gari tena. Fundi bodi aliyejulikana mkoa mzima wa Dalarna alikufa akinoa visu vya mashine za kukatia majani. Solveig alirithi gereji, na hasira akairithi pamoja na nyundo.

Lakini alijua jambo moja ambalo Sixten hakulijua. Baba yake hakupima gari likiwa juu ya jeki, tairi zikiwa zimening'inia, kama wafanyavyo wavivu. Alilishusha chini, akakalisha watu kiti cha nyuma, akatia gunia la viazi kwenye buti, ndipo akapitisha vidole vyake kati ya tairi na bati. Vikipita viwili, sawa. Kisha aligonga vipimo ndani ya uvungu wa madigadi kwa mihuri ya chuma, herufi moja moja, akapaka lami juu yake. Fundi atakayefuata atavikuta, alikuwa akisema. Miaka yote hiyo Solveig alisubiri awe yeye huyo fundi, na Sixten hakumruhusu hata kuligusa gari. Mwaka huu mafundi wengine wote walikuwa na kazi hadi vuli.

Alilipandisha gari, akatoa gurudumu la nyuma la kushoto, akachukua kikwaruzo. Lami ilitoka vipande vipande, ikamwingia kwenye nywele. Kwanza alikuta kovu refu, mahali mpira mpana ulipolitafuna bati mpaka ukajikata wenyewe. Karibu na kovu, brashi ya waya ilifukua herufi ya kwanza, ikafuata ya pili. Solveig alizisoma zote, akakaa chini kwenye saruji, akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Halafu akampigia simu Berit.

"Saa tisa, akija kulichukua, njoo naye. Humu ndani mna kitu chako."

Walikuja saa tisa, Sixten mbele, Berit nyuma na fimbo yake. Sixten aliangalia juu, kwenye gari lililoinuliwa.

"We mwanamke! Hujakata hata kidogo!"

"Mimi nimemaliza," Solveig alisema. "Berit, una miwani?"

Alimpa taa. Berit aliegemea fimbo, akainua uso ndani ya uvungu, akafuata herufi kwa ncha ya kidole.

"Tairi inchi saba," alisoma taratibu. "Wazi, vidole viwili. Watu wawili nyuma. A. Hedlund, Mei themanini na nne."

"Chuma cha zamani hicho," Sixten alisema. "Mtu yeyote anaweza kugonga..."

"Nyamaza." Berit hakugeuka. "Watu wawili. Mmoja nilikuwa mimi. Alinikalisha nyuma na gunia la viazi, akanipa bani ya mdalasini, akaniambia nisitingishike." Kidole chake kilishuka kwenye kovu. "Na usiku ule zilikuwemo za inchi kumi. Zenye maandishi meupe. Uliniambia yeye ndiye aliyezifunga."

"Nilikuwa na miaka ishirini, Berit!"

"Mimi kumi na tisa. Mzee wa watu nilimpita dukani mpaka anakufa, sikumsalimia hata siku moja."

Sixten aliliinua lile tairi jipya, akaliweka chini, akaliinua tena. Solveig alimtazama akihangaika, na ilikuwa tamu. Hakuna haja ya kuficha: ilikuwa tamu kuliko asali, na alitamani baba yake aionje.

"Nifungie lile la zamani," Sixten alisema hatimaye. "Twende nyumbani."

Solveig alirudisha gurudumu jembamba, akakaza nati, akalishusha gari chini. Herufi aliziacha wazi, bila lami. Berit alifungua mlango wa nyuma, akaingiza fimbo kwanza, kisha mguu mbovu, akakaa mahali pale pale.

"Pima," alimwambia Solveig.

Solveig alipiga magoti, akapitisha vidole viwili kati ya tairi na bati. Vilipita.

"Njoo ukae mbele, Berit," Sixten alisema. "Watu watatuonaje?"

Berit alikuwa ameweka fimbo mapajani, akitazama mbele, ametulia kama mtu aliyeambiwa asitingishike. Sixten alibaki amesimama nje na funguo mkononi, mlango wa dereva ukiwa wazi.