Uzio wa Majidi

Asmahani alipochaguliwa mwenyekiti wa mtaa, pale Tabora mjini, mkutano wa hadhara ulikuwa umekufa zamani. Mambo ya watu yaliamuliwa vichochoroni. Waliomfufua maiti huyo ni Sheikh Nurdini na Mchungaji Zablon wa Kanisa la Moravian. Ijumaa sheikh alihutubu kwamba uongozi ni amana. Jumapili mchungaji akasema mkubwa ni yule anayetumikia. Kisha wote wawili wakamwapisha Asmahani mbele ya umma: hatapendelea ndugu wala jamaa.

Hakudhani kiapo kingemgeukia upesi vile.

Kaka yake, Majidi, alikizungushia uzio kisima cha zamani, kile walichonywea wapagazi wa misafara. Alitaka kujenga ghala. Mabomba yalikuwa makavu mtaa mzima. Asubuhi moja wanawake walikuja na ndoo, wanaume wakaja na mawe, Asmahani akiwa mbele yao.

"Shikamoo, kaka."

Majidi alishika panga.

"Kisima ni cha mtaa, kaka. Ng'oa nguzo."

"Baba alipokufa, nani alikulea? Nani alikusomesha?"

Maneno yalimchoma, maana yalikuwa kweli tupu.

"Ni wewe," alisema. "Nitakushukuru mpaka naingia kaburini. Lakini kisima si changu hata nikulipe nacho."

Jiwe likaruka, likagonga bati la uzio. Umati ukasogea. Asmahani akageuka, akatanua mikono.

"Anayetaka kumpiga kaka yangu aanze na mimi! Niliapa haki, sikuapa kisasi!"

Sheikh akaja kusimama kulia kwake, mchungaji kushoto. Watu wakatazamana, wakaanza kuyaachia mawe.

Asmahani akachukua mtaimbo, akachimbua nguzo ya kwanza. Nyuma yake alisikia hatua za Majidi. Akaona kivuli cha panga kikipanda juu ya udongo. Mikono yake haikuacha kuchimba.

Panga likatupwa mavumbini. Majidi akaondoka bila kugeuka, na wiki hiyohiyo akahamia Nzega.

Watu wakateka maji. Mama yao, Bi Tatu, hasemi na Asmahani mpaka leo. Kila uji Asmahani anaompelekea unarudi umepoa.

Mkutano uliofuata uwanja ulifurika. Asmahani alisimama kujibu maswali ya watu, macho yamemvimba, na hakuna aliyethubutu kumuuliza alilia nini.